Makapi ya Jumamosi

"Kavindu, hao watoto wa nguruwe unawalisha nini, mbona wanakua wakirudi nyuma?"

Hilo swali Kaluki aliliuliza siku moja akiwa ameegemea fito za banda, karai tupu likimning'inia mkononi. Aliliuliza kwa utani, vile jirani wa miaka mingi anavyotania, na Kavindu naye akacheka kidogo, akasema wanakula kile wamekula siku zote. Wakaongea mambo mengine, habari ya mvua na habari ya harusi ya binti wa mzee mmoja wa kanisa, kisha Kaluki akaenda zake. Jibu lenyewe lilikuja baadaye, na likaja wakati ambapo hakuna aliyekuwa na hamu ya kucheka.

Boma la Kavindu liko kwenye mteremko chini ya soko la Mbumbuni, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaona paa za maduka juu na bonde la mchanga chini. Mume wake, marehemu Kisilu, ndiye aliyejenga banda la nguruwe kwa mikono yake, akaliwekea sakafu ya saruji wakati watu wengine walikuwa bado wanawafuga kwa kamba mguuni. Alipokufa, Kavindu aliendelea na kazi hiyo. Alikuwa na jike mmoja mkubwa mwenye masikio ya kulala. Watoto wakishaachishwa kunyonya na kupata mwili, alikuja mnunuzi kutoka Kitui na pikapu, akawachukua wote. Hivyo ndivyo nyumba yake ilivyosimama.

Lakini uzao wa mwaka uliopita ulikuwa umekwisha wote. Walinyonya vizuri, wakaachishwa, halafu wakaanza kukonda mmoja baada ya mwingine, mpaka banda likabaki na mama yao peke yake. Ndipo Mbaluka, mtoto wake wa kwanza anayefanya kazi Athi River, alipokuja nyumbani, akala, akanywa chai, akaongea kwa upole. Alisema hapendi mama yake ateseke na ndoo za maji na umri huo. Alisema uzao mwingine ukifa, banda lifungwe, jike auzwe, na mama aende kukaa na familia yake mjini. Kavindu akasema sawa. Alikuwa amewahi kulala katika hiyo nyumba ya Mbaluka, ghorofa ya nne. Hakukuwa na mahali pa kupanda hata kitunguu. Jumapili walisikiliza mahubiri kwenye simu. Tangu siku aliyokubali, kubaki kwake nyumbani kulikuwa juu ya migongo ya wale watoto wa nguruwe, na yeye alijua hivyo kila alipowamwagia chakula.

Sasa, ili mtu aelewe hao nguruwe walikuwa wanakula nini, ni lazima aelewe ile habari ya tangazo.

Mwaka uliofuata mvua ilikuwa imenyesha wakati wa kuvuna, jambo ambalo huku kwetu ni la nadra. Mahindi yakavunwa yakiwa na maji, yakaanikwa juu ya turubai, yakanyeshewa, yakaanikwa tena. Jumapili moja mchungaji alisoma tangazo kuhusu ukungu. Watu waliambiwa wachambue mahindi punje kwa punje, watoe zile zenye rangi ya kijani na zile zilizovunjika, na wakipika muthokoi, yaani mahindi yaliyotwangwa kinuni, wayakoboe vizuri, kwa maana sumu hukaa sana kwenye ganda. Watu walitikisa vichwa. Ukambani hapa kila mtu ana jamaa aliyewahi kusikia habari ya watu waliokufa kwa mahindi mabaya, kwa hivyo hakuna aliyebishana.

Swali lililobaki lilikuwa moja. Hizo punje zikishatolewa, zipelekwe wapi? Mtu aliyezaliwa mahali ambapo njaa hurudi kama mgeni anayejua njia hawezi kumwaga mahindi. Mkono wenyewe hukataa. Basi Kaluki, ambaye alikuwa kiongozi wa akina mama wa kanisa, akasimama akafunga leso yake vizuri kiunoni na kusema kwamba Mungu ameshatoa jibu. Dada Kavindu ni mjane, na dada Kavindu ana nguruwe. Hata katika Biblia, alisema, yule mwana mpotevu aliwakuta nguruwe wanakula maganda, na hawakuwa wagonjwa, mgonjwa alikuwa yeye. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Kavindu naye akasema amina, na aliisema kutoka moyoni, kwa sababu si kila siku kanisa zima hukumbuka mjane kwa jina.

Hata mwaka uliotangulia mmoja mmoja alikuwa akimletea kidogo, lakini kuanzia hapo kila Jumamosi akina mama walikuja na makarai. Punje mbovu zilizochambuliwa kwenye ungo, na makapi ya muthokoi, yale maganda laini yanayobaki kwenye kinu. Walivyozidi kumtii mchungaji ndivyo makarai yalivyozidi kujaa. Kaluki ndiye aliyeleta nyingi kuliko wote. Mahindi yake yalijulikana hata gizani kwa mkono, kwa maana yeye aliolewa kutoka Zombe, na mbegu anayopanda ni ya shamba la mama yake, punje ndogo ngumu, na ndani yake nyingine za zambarau. Kavindu aliyapokea, akaombea karai, akayamwaga kwenye pipa la nguruwe.

Jike alizaa. Watoto walinyonya, wakanenepa, wakawa wanakimbizana mpaka wanagonga ukuta. Wakaachishwa. Na baada ya siku chache tu za kula pipani, mambo yakawa yaleyale ya mwaka uliopita. Manyoya yalisimama kama ya mbuzi aliyenyeshewa. Walikuja kwenye chakula, wakanusa, wakaondoka. Mmoja alikuwa anasimama kwenye kona akiangalia ukuta. Hapo ndipo Kaluki alipouliza lile swali lake na kwenda zake, na Kavindu akabaki akiwaangalia hao nguruwe kwa muda mrefu, halafu akampigia simu Munyao.

Munyao alikuwa kijana wa kutibu mifugo anayezunguka na pikipiki, mtoto wa watu wa upande wa pili wa bonde. Alimwita Kavindu mwaitu, yaani mama, kama kijana yeyote mwenye adabu. Aliingia bandani na viatu vyake vya mpira, akafungua kope za mmoja, akamwonyesha Kavindu vile weupe wa jicho ulikuwa umeanza kuwa wa manjano. Kisha akaenda kwenye pipa, akatumbukiza mkono, akanusa.

Aliongea taratibu. Alisema hii ni sumu ya ukungu, na mtoto wa nguruwe aliyetoka tu kunyonya ndiye inayemshika haraka, kwa sababu maziwa yalikuwa yanamficha na sasa hakuna wa kumficha. Alisema mambo mawili. La kwanza, awaongezee chakula cha kujenga mwili: omena, yaani dagaa, iliyosagwa, mbaazi zilizochemshwa vizuri maana mbichi zitawaumiza tumbo, na mashudu ya alizeti kama atapata yaliyo safi. La pili, hayo mahindi yakome.

"Mwaitu, ini lao ni kama mtu anayepanda mlima na mtungi wa maji," alisema. "Omena itampa nguvu miguuni. Lakini wewe ukimwongezea mtungi kila siku, ataanguka tu, hata ale nini."

Kavindu alisema ameelewa, na kweli alielewa. Ila kati ya hayo mambo mawili, la kwanza lilikuwa rahisi. Lilihitaji tu yeye kupanda sokoni. Hilo la pili lilihitaji kusimama mbele ya akina mama waliotembea na makarai kichwani kwenye jua, awaambie warudi nayo. Alilifikiria akiwa anakamua nguo, akalifikiria akiwa anapiga magoti, na kila mara aliliweka kando.

Alipanda sokoni kwa Abdiladif, Msomali mwenye duka la nafaka karibu na stendi. Abdiladif alimjua kwa miaka mingi. Alimpimia omena, akaona anataka aongezewe tena na tena kwenye gunia, akauliza kama kuna arusi. Kavindu akaanza kuhesabu pesa. Hakutaka kumwambia Mwislamu kwamba samaki wake wanaenda kwa nguruwe. Abdiladif alimwangalia, akatabasamu kwenye ndevu.

"Mama, mimi nauza samaki," alisema. "Anayekula, hiyo ni siri ya nyumba yako." Akafunga gunia kwa kamba, akamwongezea kiganja kimoja juu.

Mbaazi zilikuwa zake mwenyewe, za shambani. Alizichemsha kwenye sufuria ile kubwa ya sherehe, akazianika, akazitwanga pamoja na omena, akachanganya na kile cha pipani. Boma likanuka ziwa. Watoto wa nguruwe wakala. Wakala mpaka wakalamba saruji. Juma lilipokwisha yule wa kwenye kona alikuwa anasukumana na wenzake, na manyoya yameanza kulala. Kavindu alisimama pale na ndoo, akasema peke yake, Bwana asifiwe.

Na hapo akafanya kosa ambalo mtu wa kanisa pekee ndiye anaweza kulifanya. Jumapili alisimama kutoa ushuhuda. Alisema alikuwa karibu kupoteza watoto wa nguruwe, na Mungu amewainua. Habari ya omena aliigusa kidogo. Habari ya mahindi hakuigusa kabisa, na alimalizia kwa kuwashukuru akina mama kwa ukarimu wao, kwa sababu ndivyo ushuhuda humalizika. Akina mama waliguswa sana. Kaluki alifuta macho. Jumamosi iliyofuata makarai yalikuja yamejaa mpaka juu, na wengine waliokuwa hawaleti wakaleta.

Haikuchukua muda. Wale watoto walisimama katikati, si kukua, si kukonda, halafu wakaanza kuteremka. Kavindu aliongeza omena. Yeye mwenyewe aliacha kula mbaazi ili zitoshe bandani, akawa anakunywa uji na kula sukuma wiki. Asubuhi moja akamkuta mmoja amelala ubavu, baridi, na wenzake wamemrundikia miguu.

Munyao alikuja na kisu. Alimpasua nyuma ya banda juu ya jani la mgomba, akainua ini kwa vidole viwili. Kavindu amepasua wanyama maisha yake yote, anajua ini linavyofaa kuwa, zito na jekundu la kuiva. Hili lilikuwa la rangi ya boga, na lilivunjika lilipoguswa.

"Mwaitu, yale mahindi uliyakomesha?"

Kavindu aliangalia chini. Munyao alinawa mikono, akachimba shimo, akamfukia yule mnyama, akasema hawa wengine bado wana nafasi kama mzigo utatolewa leo. Alisema leo, si kesho.

Siku hiyohiyo Mbaluka alipiga simu kumjulia hali. Aliuliza nguruwe wanaendeleaje. Kavindu alisema wanaendelea, na baada ya kukata simu alikaa na simu mapajani, akiangalia mlima wa Mbooni kule mbali, akiwaza ghorofa ya nne.

Alikomesha. Alimwaga pipa lote, akalisugua na majivu, akaliweka juani. Alienda kwa Abdiladif akachagua mahindi makavu punje moja moja mpaka yule mzee akaketi chini kumngojea. Aliwapa watoto hayo, pamoja na omena na mbaazi zake, na maji safi. Lakini kukomesha kwake kulikuwa upande mmoja tu. Jumamosi akina mama walipokuja, alipokea makarai kama kawaida, akashukuru, akayaombea. Wakishaenda, aliyabeba mpaka kwenye shimo la zamani nyuma ya banda, lile ambamo Kisilu alichimba mchanga wa kujengea, akayamwaga humo na kuyafunika kwa udongo. Kuzika mahindi kulikuwa kama kuzika mtu kabla hajafa. Aliomba msamaha kwa Mungu kila mara, na aliona ni afadhali kuomba msamaha kwa Mungu kuliko kwa Kaluki.

Jumapili nazo alisimama kama kawaida na kusema asanteni.

Watoto wa nguruwe wakapona. Si wote, wawili zaidi walikwenda, lakini waliobaki walipona kweli. Macho yalirudi meupe. Migongo ilijaa, mikia ikajikunja. Mnunuzi wa Kitui alipigiwa simu na kusema atapita akipeleka mzigo mwingine. Kavindu alianza kulala usingizi wa kawaida.

Kaluki alikuja Ijumaa, si Jumamosi. Alikuwa na safari ya kwenda Zombe kumwona dada yake, akaona alete karai lake mapema. Hakupiga hodi mbele kwa sababu kwa miaka yote hiyo hakuwahi kupiga hodi. Alipita upande wa banda moja kwa moja, na kuku walikuwa wamefukua kule shimoni, na udongo ulikuwa mwembamba.

Kavindu alipotoka jikoni alimkuta amesimama kwenye ukingo, karai bado liko kichwani. Alikuwa anaangalia chini. Katikati ya udongo mwekundu kulikuwa na mahindi madogo magumu, mengine ya zambarau, kama shanga zilizomwagika.

"Haya ni yangu," Kaluki alisema.

"Ni yako."

"Haya nimeyatoa kwenye ungo na macho yangu haya yanayouma. Nimeyapandisha huu mlima. Na wewe unayazika." Hakupaza sauti. Aliteremsha karai, akaliweka chini polepole. "Kama nguruwe wako wamekuwa watu wakubwa, si ungeniambia tu, Mama Mbaluka? Ningewapelekea mbuzi wangu."

Kavindu aliona nafasi iko hapo. Angeweza kusema shimo lilikuwa la yale yaliyoloa. Angeweza kuomba radhi, akapokea hilo karai na mengine ya kesho, na urafiki ungebaki ulivyo. Lakini akawaza mbuzi wa Kaluki, na akamkumbuka yule aliyelala ubavu, na alijua kwamba akisema uongo leo, kesho atalazimika kuwalisha nguruwe makapi huku akina mama wakiwa wamesimama hapo wanaangalia. Alisikia watoto wa nguruwe nyuma yake wakigonga ukuta kwa kucheza.

"Usiwape mbuzi," alisema. "Njoo uone."

Alimpeleka kwenye fito. Kaluki alisimama palepale aliposimama siku ile. Aliwaangalia wale watoto, wamejaa, wamelala wengine juu ya wengine kwenye jua. Kavindu alimwambia yote kwa mpango, bila kuongeza na bila kupunguza: alichosema Munyao kuhusu ukungu, omena, mbaazi, na lile ini la rangi ya boga. Alimwambia vile tangazo la mchungaji lilikuwa sawa, sumu ilitoka kweli kwenye sufuria za watu, lakini haikupotea. Ilikuwa inapanda mlima kila Jumamosi, imekusanywa mahali pamoja.

"Uliniuliza ninawalisha nini," alisema. "Ni haya. Ni makapi yetu."

Kaluki aliokota punje moja ya zambarau iliyokuwa imenata kwenye kanga yake, akaigeuza kwenye kiganja.

"Wa mwaka jana pia?"

"Mwaka jana mlikuwa mnaleta kidogo kidogo. Nafikiri ndiyo. Sina hakika."

"Na hawa, tangu lini umeacha kuwapa?"

"Tangu yule wa kwanza afe."

Kaluki alihesabu kichwani. Ilionekana usoni, Jumamosi zikipita moja moja, na baada ya kila Jumamosi, Jumapili yake. Alipofika mwisho aliinua macho.

"Na ukasimama kanisani ukasema asante."

"Nilisema."

"Mbele yangu."

"Mbele yako, dada."

Kavindu alingoja. Alikuwa tayari kwa maneno makali, hata kwa machozi, na kwa yote mawili alikuwa amejiandalia jibu ndani. Jike aliinuka bandani, akajikuna kwenye fito, akalala tena. Kule sokoni gari lilipiga honi ya kuita abiria wa Kitui.

Kaluki aliitupa ile punje shimoni. Akarudi kwenye karai lake, akainama, akalitazama lilivyojaa, akalimwaga lote mle shimoni mpaka chembe ya mwisho ya unga, akaburuta udongo kwa mguu mpaka pakafunikwa. Kisha akaligeuza karai tupu, akaliweka kwapani, akapita kati ya nyumba na jiko bila kugeuka, akatoka langoni.